Mzee anasikia ila hafahamu maneno: kipimo cha masikio kina haja?

Bint_Wete:
Asalaam aleikum wanajamvi. Baba ana miaka 67, tuko Wete, Pemba. Hana maumivu wala sikio halitoki usaha. Redio anaiweka juu, na watu wakiwa watatu wanazungumza anajibu lisiloulizwa. Mwenyewe anashikilia kuwa anasikia, ila sisi tunanong'ona. Wengine wananambia ni uzee tu, nisijisumbue. Dukani kuna vile vidude vya kukuza sauti. Ninunue, au kipimo kwanza? Na kinafanywaje, maana ashaanza kuogopa sindano.

Fundi_Sauti:
Waaleikum salaam. Sindano hakuna, mtoe wasiwasi.

Hilo la "nasikia ila mnanong'ona" mzee kalisema sawasawa. Usikivu wa uzeeni hupungua kwanza kwenye sauti nyembamba. Irabu ni nene na zina nguvu, zinabaki. Zinazopotea ni s, f, t, sh na wenzao. Chukua saa, taa, faa, kaa: anachopata ni "aa", kilichobaki anabahatisha. Ndiyo maana sauti za watoto na wanawake zinamshinda mapema kuliko za wanaume. Na ndiyo maana kumpigia kelele hakusaidii. Unaikuza "aa" tu, s iko pale pale.

Unaweza kumjaribu nyumbani. Simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, asione midomo yako. Mwambie azibe sikio la pili kwa kidole na alisugue taratibu. Toa pumzi yote, kisha nong'ona vitu vitatu, kama "nne, k, saba". Akikosea, badilisha vitatu vyengine. Akipata pungufu ya vitatu kati ya sita, sikio hilo likapimwe. Hata akivipata vyote na shida ya mazungumzo ikabaki, mpeleke vile vile.

Kliniki_ya_ENT:
Naongezea yatakayofanyika hospitali. Anzeni kituo cha afya cha karibu, muombe rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Ulizeni siku ya kliniki na kama mashine ya kupimia inafanya kazi kabla ya kwenda Chake Chake au kupanda boti kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Nauli ya bure inaudhi.

Kwanza sikio linachunguliwa kwa taa. Nta iliyoziba peke yake inatosha kumfanya mtu kiziwi nusu, na wengi huisukuma ndani wenyewe kwa vijiti vya pamba. Ikiwepo inatolewa kwanza. Kupima sikio lililoziba ni kupima nta.

Halafu anakaa pahala kimya na kuvishwa spika za masikioni. Anasikia vilio vidogo vidogo, na kila akisikia, hata kwa mbali sana, anabonyeza kitufe. Kila sikio peke yake, kuanzia sauti nene ya hezi 250 hadi nyembamba ya 8000 (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti). Wazee wengi wanaharibu hapa: wanangoja mpaka sauti iwe wazi ndipo wabonyeze, na cheti cha majibu kinatoka kibaya kuliko masikio yao. Mwambieni mapema. Asikae karibu na jenereta au spika za harusi usiku wa kuamkia kipimo, masikio huchoka kwa muda.

Mwisho anawekewa kidude kinachotetema kwenye mfupa nyuma ya sikio. Wengi hawakioni cha maana, nami naona ndicho chenye jibu. Akisikia vizuri kwa mfupa na vibaya kwa spika, tatizo liko njiani: nta, ngoma ya sikio iliyotoboka, maji nyuma ya ngoma. Mengi ya hayo yana tiba. Zikishuka zote mbili kwa pamoja, tatizo liko ndani ya sikio au kwenye mshipa wa fahamu, na hapo ndipo shime sikio, kile kifaa cha kuvaa sikioni cha kusaidia kusikia, huingia.

Kwenye cheti, duara ni sikio la kulia, alama ya x la kushoto. Kwa viwango vya WHO, Shirika la Afya Duniani, sauti ndogo kabisa anayoisikia ikiwa chini ya desibeli 20 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ni sawa, 20 hadi 34 ni upungufu mdogo, 35 hadi 49 wa kati.

Mchukue na dawa zake zote. Jentamaisini, kwinini na furosemaidi zinaweza kugusa masikio. Asiache dawa kwa kusoma hapa, daktari ndiye aseme.

Mpemba_wa_Konde:
Hilo la "uzee tu" ndilo linalowapoteza watu. Asiyefahamu maneno huchoka kubahatisha, akaacha baraza la kahawa, akaacha kujibu simu, watu wakasema kawa mkali. Ripoti za jopo la jarida la kitabibu la Lancet, 2020 na 2024, zimeuweka upotevu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupoteza kumbukumbu na yanayoweza kushughulikiwa. Si kusema kila asiyesikia atasahau.

Vidude vya dukani viache. Vingi vinakuza kila kitu sawa, vijiko, bodaboda na mtoto anayelia, na vikizidi vinaumiza masikio zaidi. Shime sikio hupangwa kwa kufuata cheti chake.

Bint_Wete:
Shukrani sana. Jirani kasema nimtie mafuta ya nazi yaliyopashwa moto mpaka siku ya kliniki?

Kliniki_ya_ENT:
Usimtie kitu mpaka ngoma ionekane. Ikiwa imetoboka, yanaingia ndani na kuleta usaha. Ya moto yanaunguza.

Na kama sikio moja litaziba ghafla, ndani ya siku tatu, au kizunguzungu kimkamate, asingoje siku ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo, tiba yake ina wakati.

Fundi_Sauti:
Akipewa shime sikio, lisiingie maji: alitoe kabla ya udhu, alirudishe akishajifuta. Usiku likae kwenye kopo lenye mfuniko na vipakiti vya kukaushia, maana unyevu wa kwetu unakula vyuma. Betri zile ndogo zenye kibandiko, ukishabandua subiri kama dakika moja hewa iingie ndipo uiweke. Na ukibandua hata bila ya kuitumia, betri inaanza kuisha.