Kama tunaokolewa kwa neema, kwa nini tuhukumiwe kwa matendo?

Mwulizaji, Urambo:
Bwana Yesu asifiwe. Na kwa ndugu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Mwezi uliopita tulimzika baba mkubwa, na kwa kuwa ukoo wetu una Wamoraviani na Wakatoliki, walisimama wahubiri wawili. Mmoja alisema kwamba matendo ya marehemu yanafuatana naye, kama isemavyo Ufunuo; mwingine akasema kwamba matendo hayo hayamfai kitu, kwani mtu huokolewa kwa neema peke yake. Sisi tuliokaa chini ya mwembe tulitazamana. Siulizi nani alikuwa sahihi. Nauliza hivi: ikiwa neema ni kipawa, na hata imani ya kuipokea ni kipawa, siku ya mwisho mtu ataulizwa juu ya kitu gani kilicho chake mwenyewe?

Katekista, Kasulu:
Pole kwa msiba, ndugu. Wengi hudhani kwamba sisi Wakatoliki tunafundisha kuinunua mbingu kwa matendo, ilhali Kanisa lilikwisha kulikataa wazo hilo tangu Askofu Augustino alipompinga Pelagius, aliyefundisha kwamba mtu aweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, na Mtaguso wa Orange, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 529, ukatamka kwamba hata ule mwanzo wa imani, yaani hamu yenyewe ya kuamini, hutoka kwa neema. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulishika hilo hilo, lakini ukasisitiza kwamba utashi ulioguswa na Mungu si jiwe: waweza kukubali, na waweza kukataa. "Ndiyo" yako imebebwa na neema. "Hapana" ni yako peke yako.

Mlutheri, Tabora mjini:
Namheshimu katekista, ila hapo kwenye "kukubali" ndipo Luther alipogombana mwaka 1525 na Erasmus, mwanazuoni Mkatoliki aliyetetea uhuru wa utashi, akiufananisha utashi wetu na mnyama anayekwenda anakopelekwa na mpandaji, wala hamchagui mpandaji huyo. Nakiri kwamba mfano huo haunitulizi ninapoifikiria hukumu. Hata hivyo, mwaka 1999 huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba matendo mema ni matunda ya kuhesabiwa haki, yaani ya kupokewa na Mungu kuwa mwenye haki. Ule mwembe mliokaa chini yake hauzai ili upate kuwa mwembe.

Mama wa Ujiji:
Wanangu, someni Mathayo 25 polepole, pale Mfalme anapowatenga watu siku ya hukumu, kondoo kuume na mbuzi kushoto. Wale wa mkono wa kuume hawakuleta orodha. Walishangaa, wakauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa wakamlisha. Ni kama mvuvi wa huku kwetu anayerudi kutoka ziwani alfajiri, akamwachia mjane dagaa kidogo, na kufika jioni amekwisha kusahau. Matendo yao yalitajwa na Mfalme, si na wao.

Mwulizaji, Urambo:
Asante, mama. Lakini mbuzi nao walishangaa, na swali lao lilikuwa lile lile.

Mama wa Ujiji:
Ndiyo, mwanangu, na hapo hata mimi husita. Paulo aliwaambia Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, kisha papo hapo akasema kwamba Mungu ndiye atendaye ndani yao kutaka na kutenda. Hakuondoa neno hata moja kati ya hayo mawili.

Mwulizaji, Urambo:
Arobaini ya baba mkubwa ni Jumamosi, nami nimepewa somo. Nitasoma Mathayo 25, na sitaishia kwa kondoo.