Tupeane uzoefu: Matembezi ya familia kubwa msimu wa kipupwe, Dodoma na jirani zake

Mama Benchi Mbili

Mbukwenyi wakuu. Kipupwe kimeshika, upepo unaanza kuvuma alfajiri, mibuyu imepukutisha majani na vumbi limerudi kazini. Wengine ndio wanajifungia ndani na makoti. Sisi kwetu ndio msimu wa kutembea, maana kuanzia Septemba jua la Dodoma halina utani.

Nyumbani tupo kumi na mmoja: mimi na mzee, watoto sita, mama mkwe na watoto wawili wa marehemu wifi yangu. Kuwapeleka wote sehemu ya kiingilio, halafu kila mmoja soda na chipsi, hiyo ni ada ya muhula. Basi Jumapili tukitoka ibada ya kwanza tunarudi nyumbani, tunakunywa chai nzito, tunavua nguo za kanisani, tunashika njia ya kilima cha Ntyuka.

Kanuni yetu ni moja tu: mama mkwe ndiye anatangulia. Hakuna wa kumpita. Vijana walinung'unika mwanzoni, sasa wamezoea, na faida yake ni kwamba yule mdogo wa miaka minne haachwi nyuma akilia. Wakubwa wanabeba dumu la maji na chupa ya chai ya tangawizi, mimi nabeba karanga za kuchemsha. Juu kule tunasoma zaburi ile ya milima, anaomba mmoja, kwa kifupi. Mzee wangu akianza kuombea taifa zima tunamkohoa.

Raha yenyewe iko kwenye kushuka. Mama mkwe akiokota buyu lililodondoka analitikisa sikioni kwanza. Likilia, analipasua kwenye jiwe kwa pigo moja, anawagawia watoto vipande na zile nyuzi zake nyekundu. Wanamung'unya njia nzima midomo imekuwa meupe kama wamelamba chaki, halafu wanashindana kutema mbegu mbali.

Nyie wenye familia kama hizi mnafanyaje? Wa "punguzeni kuzaa" pita kimya kimya.

Kibuyu Kitupu

Naweka kambi hapa.

Mjukuu wa Mwinjilisti

Mbukwa mama. Mimi nimekulia Mvumi, na kutembea hatukukuita matembezi. Babu alikuwa mwinjilisti, ana mitaa, yaani makanisa madogo ya vijijini, ya kuhudumia, na baada ya mavuno wajukuu tulikuwa tunafuatana naye. Uwele na mtama vimeshavunwa, mashamba yako wazi, unaona kijiji cha pili kabla hujatoka cha kwanza. Mnakatiza kwa njia za ng'ombe, mabua yanapasuka chini ya miguu. Babu alikuwa hahubiri njiani hata kidogo. Alikuwa anatuonyesha mipaka: hapa shamba la fulani, mti huu usiukate, kisima hiki kinakauka Agosti. Ibada mtaani ilikuwa saa nzima na zaidi, lakini nikiulizwa leo nakumbuka nini, nakumbuka njia.

Siku hizi nakwenda na wanangu na wa kaka zangu. Tahadhari moja: mbigili. Yeboyebo laini inapita hadi ndani. Vaeni raba, hata ya kuchoka.

Mrangi wa Mjini

Tumsifu Yesu Kristu. Kwetu Kondoa familia ni mchanganyiko, mama ni Mkatoliki, mama mkubwa na wanawe ni Waislamu, na matembezi ni ya wote. Jumapili tukitoka misa tunawapitia. Wao ndio wanatuvumilia sisi tukiimba.

Kama mna uwezo wa kukodi Noah au Hiace siku moja, nendeni Kolo. Pale kuna michoro ya kale kwenye miamba, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006. Unajiandikisha ofisini, unapewa mtu wa kukuongoza, mnapanda. Watu wamechorwa wembamba warefu, kwa rangi nyekundu iliyofifia, na wanyama. Watoto wetu walibishana kama mmoja ni swala au mbuzi wa jirani.

Njiani waonyesheni makorongo pia. Mmomonyoko ule ulikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa eneo lililoathirika. Marehemu baba alihamisha ng'ombe wake akiwa kijana. Alikuwa akisimulia hasira yake, akimaliza anaonyesha miti iliyoota, anasema basi.

Mtoto wa Nne

Niseme ukweli upande wa pili. Mimi nilikuwa mtoto wa nne kati ya tisa, na Jumapili mchana nilitaka kulala. Tunatembezwa tumevaa vitenge vya kufanana, kila mtu barabarani anatuhesabu kwa sauti. Wazazi, watoto wakifika miaka 14 waulizeni kabla. Na vitenge sare acheni.

Mama Benchi Mbili

@Mtoto wa Nne nimekusikia, mwanangu wa pili angekukumbatia. Tumemruhusu abaki mara moja moja, kwa sharti tukirudi tukute ugali na mlenda tayari. Cha ajabu siku hizi anapenda kuja.

Mpwapwa Ughaibuni

Shikamooni wakubwa. Niko Uingereza, hapa msimu wa kutembea ni huu wao wa majani kudondoka, Septemba hadi Novemba. Kuna familia kanisani kwetu ina watoto saba, ndio waliotufundisha. Majani ya miti yanakuwa ya njano na mekundu, njia imefunikwa, na watoto wanaokota kokwa za kahawia zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Haziliwi hizo, wanangu nimewaonya.

Tofauti kubwa na nyumbani ni mwanga. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na baada ya hapo kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Mkikaa mezani kupiga soga baada ya chakula, siku imekwisha. Kwa hiyo wenzetu wanakula baadaye, kwanza wanatembea. Mvua haiwazuii, wana mabuti ya mpira kila mtu na yake. Ya mtoto mkubwa ikimbana anarithi mdogo.

Ila ubuyu wa jiweni huku hakuna. Mama umenitia hamu.

Upepo wa Singidani

Sisi Singida tunazunguka ziwa Singidani. Miamba mikubwa, upepo mkali, mara nyingine mnakuta ndege heroe (flamingo) wamejaa upande mmoja. Mtoto mchanga mfungeni mgongoni kwa khanga mbili, na mafuta ya mgando mdomoni kwa kila mtu, la sivyo mnarudi midomo imepasuka. Nyoka nao asubuhi ya baridi wanaota jua juu ya mawe, kwa hiyo msikae bila kuangalia.

Mjukuu wa Mwinjilisti

Nimesahau jambo la muhimu kwa mama mwenye uzi. Watoto wasirushie mawe mabuyu yaliyo juu. Mibuyu mingi ina mashimo na nyuki wanakaa humo, na Wagogo wengine wanatundika mizinga matawini. Nyuki wakiamka hawaulizi nani amerusha.

Mama Benchi Mbili

Asante mkuu. Nimemsomea mama mkwe, amesema hilo yeye aliwaambia siku ya kwanza, sema hakuna aliyemsikiliza. @Mrangi wa Mjini, Hiace kutoka Dodoma mjini hadi Kolo na kurudi kwa siku nzima mlilipa shilingi ngapi? Nataka nianze kumshawishi mzee mapema.