Watoa huduma wa intaneti Kanda ya Ziwa, IPv6 mnatunyima mpaka lini? Kisingizio cha "sisi wadogo" kimenichosha

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mtanisamehe. Kwa asiyejua, IPv6 ni mfumo mpya wa anwani za IP, zile namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti; zake ni nyingi kiasi kwamba kila kamera inaweza kupata ya kwake na kufikiwa moja kwa moja.

Kazi yangu ni kufunga kamera na mitandao midogo hapa Mwanza: maduka ya Makoroboi, magodauni ya Igogo, wafugaji wa sato kwenye vizimba kule Luchelele na Igombe. Mfugaji anachotaka ni kulala nyumbani huku akiweza kufungua simu usiku wa manane na kuona kizimba chake, maana nyavu zinakatwa na samaki wanabebwa. Nafunga kamera, nafunga ruta, vyote vinawaka. Akiondoka pale ziwani, simu yake haiwezi kuifikia kamera moja kwa moja. Picha lazima izunguke kwenye seva ya waliotengeneza kamera, huko ughaibuni, ndipo irudi Mwanza ikiwa imechoka na bando limeliwa. Sababu inajulikana: mtoa huduma amewarundika wateja chungu nzima nyuma ya anwani moja ya IP. Ukilalamika, anakuuzia "anwani ya kudumu" kwa malipo ya kila mwezi ambayo mfugaji mdogo hawezi kuyabeba.

Juzi nikampata mtu wao wa ufundi. Nikamuuliza IPv6 mnawasha lini. Akanijibu: "Kaka, hiyo ni ya mataifa makubwa. Hata zile nchi ndogo za visiwani hazijahama, sisi wa huku tutahama vipi?"

Jibu hilo ndilo lililonileta hapa.

Kwanza, shirika linalogawa anwani za IP kwa Afrika nzima, AFRINIC, makao yake yako Ebène, Morisi. Nchi ya kisiwa! Anwani tunazong'ang'ania hapa Tanzania zinatoka huko huko anakokubeza.

Pili, na hapa ndipo panaponiuma zaidi, hesabu yake ameigeuza kichwa chini miguu juu. Anwani za zamani, zile za IPv4 zilizopangwa mwaka 1981, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia yote. Wakati zinagawiwa kama njugu, kampuni moja ya magari ya Marekani, Ford, ilipewa fungu la anwani 16,777,216. Kampuni moja! Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Piga hesabu mwenyewe. Februari 3, 2011 ghala kuu la dunia likagawa mafungu matano ya mwisho, likafungwa. AFRINIC nayo tangu Januari 2020 iko kwenye makombo: mtoa huduma akiomba, kwa ombi moja hapewi zaidi ya anwani 1,024. Sasa niambieni, ni nani aliyebaki mikono mitupu? Ni aliyefika mwisho. Visiwa vya Pasifiki, Komoro, sisi. Mkubwa ana akiba ya tangu zamani, na ikimwishia ana hela ya kununua za mtumba. Mdogo hana akiba wala hela, kwa hiyo mdogo ndiye anayeihitaji IPv6 kuliko mtu yeyote, maana huko fungu moja tu la kawaida la mtoa huduma lina nafasi ya mitandao zaidi ya bilioni 4. Si anwani, mitandao. Kila kizimba cha sato ziwa zima kingepata wa kwake na tusingefika hata robo.

Visiwa vina shida za kweli, sikatai. Kuna nchi inategemea setilaiti au kebo moja, wahandisi wa kuhesabika, vifaa vinafika kwa meli. Lakini udogo huo huo una unafuu wake: Tuvalu ina watu kama 11,000, mtoa huduma mmoja akiamua, nchi nzima imehama. Hapa kwetu Mkongo wa Taifa umefika Mwanza, simu nyingi mfukoni zinaielewa IPv6 miaka na miaka (Apple ililazimisha programu zote zinazowasilishwa kwenye duka lake la App Store zifanye kazi kwenye mtandao wa IPv6 pekee tangu Juni 2016), halafu mtu anajificha nyuma ya Tuvalu. Ni sawa na daraja la Kigongo–Busisi limeshajengwa, magari yanaweza kupita, mtu anakulazimisha upange foleni ya kivuko kwa sababu tiketi za kivuko anauza yeye.

Mnakumbuka Mei 12, 2024? Kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikayumba nchi nzima. Wateja wangu waliniwashia moto. Mtu yuko Kirumba, kamera yake iko Igogo, wote wako kwa mtoa huduma yule yule, na bado haoni kitu, kwa sababu picha ya Igogo kwenda Kirumba lazima ipite nje ya nchi. Tonga walipokatiwa kebo na volkano Januari 2022 walikaa wiki kadhaa wamefungiwa nje ya dunia. Kwao bahari iliwazunguka. Sisi mtaa na mtaa tunafungiwa na mpangilio wa anwani!

Na msije na ile hoja kwamba kurundikwa nyuma ya anwani moja ni ulinzi. Ulinzi ni kazi ya faiawoli, yaani kichujio kinachozuia wasiotakiwa kuingia, na faiawoli ipo kwenye IPv6 pia. Kinachopatikana kwenye kurundikwa ni jirani usiyemjua kufanya uhuni mtandaoni, tovuti ikafungia anwani, na wewe ukafungiwa naye.

Sasa naomba ushahidi, walioko Bukoba, Musoma, Geita, Sengerema, Nansio na hapa mjini. Zima Wi-Fi, washa data, ingia mipangilio ya simu sehemu ya kuhusu simu, tafuta anwani ya IP. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, umerundikwa. Ukiona pia anwani ndefu yenye nukta pacha (:) inayoanza na 2c0f au 2001, mtoa huduma wako amewasha IPv6, na apewe sifa zake hapa. Inayoanza na fe80 haihesabiki, hiyo simu inajitengenezea yenyewe. Andikeni eneo na mmeona nini, anwani nzima msiweke. Zikifika za kutosha nazipeleka kwa mdhibiti kwa maandishi.