Mama amekimbia unyanyasaji, halmashauri (England) inamrudisha: wajibu wao hasa ni upi?

Mkalimani_Jamii

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya halmashauri hapa England. Kuna mama mwenye watoto wawili, wa miaka 6 na 3, ameondoka kwa mume kwa sababu ya vitisho, kufuatiliwa kwenye simu na kunyimwa pesa. Mama mkwe naye alikuwa sehemu ya hayo. Polisi hawakuwahi kuitwa. Sasa analala sebuleni kwa ndugu. Alikwenda ofisi ya nyumba ya halmashauri jirani, akaambiwa mambo matatu: alete namba ya kesi ya polisi, arudi kwenye halmashauri ya alikotoka, na kwamba viza yake ya mke hairuhusu kutumia fedha za umma. Barua hakupewa.

Nimesoma kwamba Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani ya 2021 inailazimisha halmashauri kumpa nyumba salama. Je, ndivyo? Na tuanzie wapi?

Haki_ya_Makazi

Pole sana kwa huyo mama, na ahsante kwa kumsimamia. Nianze na hiyo sheria ya 2021, maana watu wengi wanaingia nayo dirishani na kurudishwa kwa sababu wametaja kifungu ambacho hakiwasaidii.

Sehemu ya 4 ya sheria hiyo (kifungu cha 57 na kuendelea) ni wajibu wa kupanga na kugharimia. Halmashauri ya ngazi ya juu, ambayo kwa London ni Greater London Authority na kwingineko ni kaunti au halmashauri isiyo na kaunti juu yake, lazima ipime mahitaji ya msaada kwa waathirika walio kwenye makazi salama, iandike mkakati na kuuchapisha, iunde bodi ya ushirikiano, na itoe ripoti kila mwaka. Mikakati ya kwanza ilitakiwa iwe imetoka kufikia tarehe 5 Januari 2022. Ni wajibu mzuri, lakini haumpi mtu mmoja haki ya kudai chumba leo usiku. Tena unahusu msaada wa ndani ya makazi hayo (utetezi, ushauri nasaha, huduma kwa watoto), hauhusu kodi ya nyumba.

Haki ya huyo mama kama mtu binafsi iko kwenye Sheria ya Nyumba ya 1996, Sehemu ya 7. Sheria ya 2021 iliirekebisha hiyo ya 1996 kupitia kifungu cha 78, kuanzia tarehe 5 Julai 2021: aliyekosa makazi kwa sababu ya unyanyasaji wa majumbani ana kipaumbele cha kusaidiwa makazi moja kwa moja, hata kama hana mtoto. Zamani asiye na watoto alilazimika kuthibitisha kwamba yeye ni dhaifu kuliko wengine. Huyu ana watoto, kwa hiyo kipaumbele anacho kwa njia zote mbili.

Sasa yale majibu matatu.

La polisi si sahihi. Unyanyasaji kisheria si kipigo tu. Vitisho, udhibiti, kubanwa kiuchumi na mateso ya kisaikolojia vyote vimo kwenye kifungu cha 1 cha sheria ya 2021, na ndugu wa mume wanahesabika kuwa watu wenye uhusiano naye, kwa hiyo ya mama mkwe yatajwe. Swali ambalo afisa anapaswa kujiuliza ni kama kuna uwezekano mkubwa kwamba akirudi atanyanyaswa. Mwongozo wa serikali kwa halmashauri unakubali kwamba mara nyingi ushahidi pekee ni maelezo ya mwathirika mwenyewe, na unakataza afisa kumtafuta mume ili "asikie upande wa pili".

La kurudi alikotoka nalo si sahihi. Anaweza kuomba halmashauri yoyote. Ni kweli kwamba baadaye halmashauri inaweza kumhamishia kwa nyingine yenye uhusiano naye, lakini haiwezi kumpeleka kwenye eneo ambako atakuwa hatarini kunyanyaswa. Hata pale uhamisho unaporuhusiwa, kwanza inapokea maombi na kuyachunguza. Kumwambia mtu mlangoni "nenda kule" ni kukwepa kazi.

La viza ndilo lenye ukweli, na ndilo la kushughulikia kwanza. Mwenye viza ya mke yenye sharti la kutotumia fedha za umma hastahili msaada wa Sehemu ya 7. Hili halibadilishwi na kwamba watoto ni raia wa Uingereza, kwa kuwa mwombaji ni yeye. Lakini halmashauri haiishii kwenye ofisi ya nyumba. Idara ya huduma za watoto ni ya halmashauri pia (kwenye kaunti iko ngazi ya kaunti), na kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kinaiwezesha kuwapa makazi na pesa za kujikimu watoto wenye uhitaji pamoja na mzazi wao. Hiyo haihesabiki kuwa fedha za umma kwenye sheria ya uhamiaji, na maadamu viza yake bado hai hazuiwi kuipokea. Ofisi ya nyumba ilipaswa kumwelekeza huko siku ileile.

Viza_na_Familia

Naongezea upande wa uhamiaji, maana ndio ufunguo.

Kuna ruhusa maalumu ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa wahamiaji walionyanyaswa. Inatolewa kwa miezi 3, inaondoa lile sharti la fedha za umma, na maombi yake hayalipiwi. Mwenye viza ya mke au mume wa raia, au wa mwenye ukaazi wa kudumu, anaiomba ndoa ikiwa imevunjika kwa sababu ya unyanyasaji na hana njia ya kujikimu. Akishaipata, ofisi ya nyumba haina tena hoja ya viza: anastahili Sehemu ya 7, na anaweza kufungua maombi ya Universal Credit (posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo).

Panapoharibika ni kwenye hiyo miezi 3. Ruhusa hii inachukua nafasi ya viza ya mke. Ndani ya muda huo lazima awe ametuma maombi ya ukaazi wa kudumu kwa njia ya waathirika wa unyanyasaji, yale ya SET(DV). Akituma kabla ya siku ya mwisho, haki zake zinaendelea mpaka ajibiwe. Akichelewa, anabaki bila hadhi yoyote, na kila alichokipata kinasimama. Ada ni kubwa, lakini asiye na uwezo anaweza kusamehewa.

Onyo muhimu: tangu Februari 2024 ruhusa hii inawafikia pia wenza wa wanafunzi na wafanyakazi wenye viza, ila wao hawana ile njia ya ukaazi wa kudumu baada yake. Kwa hao, kuiomba bila ushauri kunaweza kuwaacha pabaya zaidi. Basi kabla ya kujaza chochote, hakikisha viza ya mume ni ya aina gani, na atumie wakili au mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Kwa maombi ya SET(DV) msaada wa kisheria wa serikali upo kwa wenye kipato kidogo.

Mkalimani_Jamii

Ahsanteni sana. Mume ni raia, kwa hiyo njia ipo. Tukirudi halmashauri, tuandike nini hasa? Na wakikataa tena?

Haki_ya_Makazi

Msiende kwa mdomo tu. Tumeni barua pepe mbili siku moja, kwa Kiingereza, moja ofisi ya nyumba na moja huduma za watoto. Ya huduma za watoto iwe na maudhui kama haya:

"Mimi na watoto wangu wawili hatuna makazi wala pesa kwa sababu ya unyanyasaji wa majumbani. Viza yangu hairuhusu fedha za umma. Naomba mfanye tathmini chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, na mtupe makazi wakati tathmini inaendelea. Kurudi nyumbani si salama. Msimpigie mume wangu, na msitume barua kwenye anuani ya zamani. Nahitaji mkalimani wa Kiswahili."

Wataje hali halisi: wanalala wapi, ndugu amewapa mpaka lini, chakula kimebaki cha siku ngapi. Ndugu aandike mistari miwili kwamba hawezi kuendelea kuwahifadhi, maana jibu la kwanza huwa "si una ndugu?". Wakati mwingine huduma za watoto hujibu kwamba watawachukua watoto bila mama. Usikubali mazungumzo hayo yaishie hapo, kifungu cha 17 kinaruhusu kuisaidia familia nzima. Apate wakili siku hiyohiyo.

Ruhusa ya miezi 3 ikifika, itumeni ofisi ya nyumba mara moja. Kuanzia hapo kipimo cha makazi ya muda ni kidogo sana: kifungu cha 188 cha Sheria ya Nyumba kinataka tu wawe na sababu ya kuamini kwamba *huenda* hana makazi, anastahili na ana kipaumbele. Uchunguzi unafuata baadaye, si kabla. Halafu kuna tathmini na mpango wa makazi wa maandishi, na siku 56 za kumsaidia apate pa kuishi. Zikiisha bila nyumba, na hakujikosesha makazi kwa makusudi, wanabaki na wajibu kamili wa kumpatia makazi. Familia isiwekwe kwenye hoteli ya kushirikiana choo na jiko zaidi ya wiki 6.

Wakikataa, daini uamuzi wa maandishi chini ya kifungu cha 184. Bila barua hiyo hakuna cha kupinga. Ikitoka, ana siku 21 za kuomba mapitio. Kunyimwa makazi ya muda ni njia nyingine: hapo wakili huwaandikia barua ya kabla ya kwenda mahakama kuu, na mara nyingi halmashauri hubadili msimamo kabla ya kufika huko.

Dada_Mtetezi

Mawili tu. Mkalimani asiwe ndugu wa mume, wala mtoto mkubwa wa familia. Ana haki pia ya kuomba chumba cha faragha na kuhojiwa na afisa mwanamke.

Na kama jina lake liko kwenye mkataba wa nyumba, asisaini chochote cha kuiachia kabla ya kupata ushauri. Kwenye upangaji wa pamoja wa kuendelea (usio na tarehe ya mwisho), taarifa ya mpangaji mmoja inaweza kuuvunja kwa wote wawili. Usiku wakikwama, simu ya taifa ya unyanyasaji wa majumbani ni 0808 2000 247, bure saa 24, na wanaweza kutafuta nafasi ya nyumba salama nchi nzima. Aulize hasa nafasi za wasio na fedha za umma, kwa kuwa nyumba nyingi hutegemea posho ya nyumba kulipia chumba na hizo nafasi ni chache.