Mitetea 200 waliochoka kutaga: mchuuzi, kuwapumzisha au kuchinja?

Mama Nuru, Pongwe
Assalaam alaykum, habari za jioni wapendwa. Nina mitetea 200 wa mayai, wale wa kahawia, wametimiza wiki 84. Walianza kutaga wakiwa na wiki 20, na kuna miezi nilikuwa naokota mayai 180 kwa siku. Sasa naokota 105, siku nyingine hayafiki 100. Yai limekuwa kubwa lakini ganda jembamba, kila trei ya mayai 30 ninayopeleka soko la Mgandini ina mawili matatu yenye ufa.

Hesabu yangu ni hii. Kuku mmoja anakula gramu 120 kwa siku, wote kilo 24, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unakwisha kwa siku mbili. Kwa bei ninazouzia na kununulia mimi, mfuko mmoja ni sawa na trei 8. Kwa siku hizo mbili naokota trei 7. Hapo sijagusa dawa, maranda wala mshahara wa kijana.

Baba Nuru anasema aje mchuuzi awabebe wote. Mimi roho inasita. Kuku hawa ndio waliolipa ada ya mwanangu mwaka jana, nisingependa waondoke kwa bei ya kutupa. Nimefikiria pia kuwapumzisha wanyonyoke manyoya waanze upya, au nichinje niuze kidogo kidogo. Aliyepitia anisaidie.

Baba Zuhura, Muheza
Wa alaykum salaam dada. Mimi niliuza 300 kwa mchuuzi. Alikuja na matenga saa moja usiku, alfajiri banda tupu. Bei alitoa ya kichwa, mnene na mwembamba sawa, na hapo ndipo nilipoumia, maana wangu wengi walikaribia kilo 2. Lakini nilipata jambo ambalo pesa haionyeshi: nilizoa mbolea yote, nikaosha, nikapaka chokaa, banda likapumzika kabla vifaranga hawajaingia. Ukichanganya wakubwa na vifaranga unaita maradhi. Mkubwa anaweza kubeba ugonjwa bila kuuonyesha, mdogo akafa nao.

Kosa langu lilikuwa kungoja bei ipande. Nilingoja miezi miwili. Kuku mmoja kwa siku 60 anakula zaidi ya kilo 7 za chakula. Piga hesabu ya kilo hizo uone kama bei iliyopanda inazirudisha. Kwangu haikurudisha.

Mwanamkasi, Pangani
Kuwapumzisha nimejaribu, kuku 80. Niliondoa chakula cha kutagia, nikawapa pumba na maji safi, taa ya usiku nikazima. Wiki ya pili banda lilikuwa kama mto wa sufi umepasuka. Nilikaa wiki 8 bila yai la maana huku nikiwalisha. Waliporudi ganda lilikuwa gumu, mayai mazuri, ila kile kilele cha mwanzo hawakukifikia tena, na baada ya miezi kama 6 wakashuka. Watano walikufa, wote walikuwa wembamba tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaokushauri uwanyime chakula na maji kabisa siku kadhaa ili manyoya yatoke haraka. Dada, usifanye. Ni kumtesa kiumbe aliyekulisha, na kwa joto la huku Tanga kuku asiye na maji anaweza kufa upesi.

Kama huna akiba ya chakula cha miezi miwili, njia hii iache.

Fundi Mifugo, Maweni
Mama Nuru, kabla ya kuchagua njia yoyote naomba uingie bandani na mikono yako. Kila mtu hapa anawazungumzia kuku 200 kana kwamba ni kuku mmoja. Mayai 105 hayatoki kwa kuku 200. Wapo wanaotaga karibu kila siku, na wapo waliokwisha acha, wanakula tu.

Nilisoma pale chuo cha mifugo Buhuri, na katika yote niliyofundishwa hili ndilo ninalolitumia kila mwezi. Ingia usiku na tochi hafifu, kuku ametulia. Mshike kwa kumlaza kifua kwenye kiganja chako cha kushoto, kichwa kikielekea kwako. Kwa mkono wa kulia papasa chini ya mkia, utakuta ncha mbili za mifupa ya nyonga. Anayetaga, vidole viwili au vitatu vinapita katikati yake bila shida, na tumbo ni laini. Aliyeacha, kidole kimoja kinapita kwa taabu na mifupa ni migumu. Kisha tazama tundu la kutagia: la anayetaga ni pana, lina unyevu, limepauka. La aliyeacha limesinyaa, na unjano umerudi. Upanga wake wa kichwani nao hunywea na kupauka. Mwenye miguu na mdomo uliokolea unjano wiki hizi ni wa kutiliwa shaka, kwa sababu kuku anapotaga unjano wa mwilini huenda kwenye kiini cha yai, na akiacha hurudi.

Tuseme umewatoa 70. Waliobaki 130 wanakula kilo 15 na nusu hivi, mfuko unafika siku ya tatu. Mayai ya siku tatu, yakibaki 105 kwa siku, ni trei 10 na nusu. Hata yakipungua kidogo umerudi kwenye faida, na umepata muda wa kuuza wale 70 bila kukimbizwa na mchuuzi.

Jambo moja zaidi. Kama kuna waliopewa dawa za kuua vijidudu, soma kwenye pakiti siku za kusubiri, usimuuzie mtu nyama kabla hazijaisha.

Bi Mwanahawa, Ngamiani
Mwanangu Mama Nuru, mimi ni mpishi wa shughuli, harusi na hitma. Kuku aliyechoka kutaga namtafuta kwa pesa yangu. Kuku wa wiki sita ukimchemsha anayeyuka, supu haina kitu. Huyu wako nyama imekaza, ana mafuta ya njano, na mchuzi wake ndio unaobeba pilau.

Shida watu hawamjui. Wanamweka kwenye mkaa kama kuku wa nyama, anakuwa kamba, wanalaumu muuzaji. Mpake papai bichi lililopondwa na tangawizi, akae saa moja. Kisha chemsha kwa moto mdogo, sufuria imefunikwa, saa mbili au zaidi, mpaka paja likiguswa na mwiko linaachia mfupa. Chumvi tia baadaye. Hapo ndipo umgeuze awe wa nazi, tui zito la mwisho.

Ninalokuomba, umuuze kwa jina lake. Niliwahi kuuziwa kuku wa namna hii nikiambiwa ni wa kienyeji, na nikalipa bei ya kienyeji. Sikurudi tena kwa yule muuzaji.

Salim, Mabokweni
Samahani kwa kuingilia. Je, akiwaachia kumi nje ya banda, si wataatamia na kumletea vifaranga?

Fundi Mifugo, Maweni
Kaka Salim, wengi wa hawa wa kisasa silika ya kuatamia imetolewa katika uzao. Na wa Mama Nuru kama walikatwa midomo, kujitafutia kwao ni kugumu, na mwewe hawamjui. Kwa vifaranga tafuta mtetea wa kienyeji.

Mama Nuru, Pongwe
Nawashukuru wote. Bi Mwanahawa, shikamoo. Jana usiku nimeingia na tochi mimi na kijana. Tumeshika 60 kabla mikono haijachoka, 23 kati yao nyonga zimefunga kabisa, na mmoja ndiye yule niliyekuwa namsifu kwa unene. Nimewafungia upande wa pili. Leo asubuhi katika wale 37 nimeokota mayai 29. Upande wa wale 23, moja.

Kesho usiku tunaendelea na waliobaki. Bi Mwanahawa, Ijumaa nitakuletea wanne Ngamiani, wapime mwenyewe ndipo tuzungumze bei.