Mhariri kafuta kitale, dafu na koroma, kote kaandika "nazi". Nimechoka!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nilipeleka mswada wa hadithi ya watoto kwa mchapishaji mmoja. Hadithi inafuata tunda moja la mnazi, tangu linapochomoza kwenye karara, lile ganda la ua la mnazi, hadi siku linapoanguka, na kila hatua nimeiita kwa jina lake. Juzi mswada umerudi. Kidaka hakimo. Kitale hakimo. Dafu na koroma navyo vimefutwa. Kila mahali pamebandikwa neno moja tu: nazi.

Na aliyefanya hivyo hata hakurudi kusoma alichokifanya. Niliandika "kitale kimeanguka", sasa inasomeka "nazi kimeanguka". "Dafu lililojaa maji" limegeuka "nazi lililojaa maji". Ngeli zimevurugika kurasa nzima, kwa sababu mtu kabonyeza kitufe cha kubadilisha maneno yote kwa mkupuo mmoja, basi. Kilichoniuma kuliko vyote ni pale niliposema kijana alijaribu kuukwea mnazi lakini hakufua dafu. Kimerudi hivi: "hakufua nazi". Jamani! Kutofua dafu ni kushindwa. Hakufua nazi maana yake nazi ingali na makumbi yake, yale maganda ya nyuzi, hajaipeleka kwenye kifuo, mti wenye ncha wa kuyaondolea. Msomaji atabaki anajiuliza hiyo nazi imetokea wapi, na kijana bado yuko chini ya mti.

Nilipouliza nikajibiwa kwamba yote hayo ni nazi, yanatofautiana umri tu. Umri tu? Kidaka ni kichanga kabisa, hakina cha kunywa wala cha kula. Kitale kimekua, ila dafu bado. Dafu ndilo la kunywa, na nyama yake ni laini, unaikomba kwa kijiko. Koroma ndilo linalonikera zaidi kulipoteza, maana si dafu tena na bado si nazi. Nyama imeshaanza kukaza, kuikomba taabu, na ukisema ulikune halikupi tui la maana. Aliyewahi kuletewa koroma akadhani ni nazi hahitaji kufafanuliwa tofauti, aliijua mkononi alipoanza kukamua. Nazi ndiyo iliyokomaa. Ikikaukia ndani ya kifuu chake inakuwa mbata, nayo ina jina lake. Sasa mtoto akisoma "alikunywa nazi" ataelewa nini?

Halafu kuna hili la "maziwa ya nazi". Nalo limepenyezwa humo, mahali nilipoandika tui. Kwa nini? Nazi inakunwa, inatiwa maji, inakamuliwa na kuchujwa, linatoka tui, kinachobaki ni chicha. Hakuna maziwa hapo. Na maji ya dafu si tui, ingawa naona watu wazima wanaolipwa kwa kuandika Kiswahili wakiyachanganya kila siku, na hakuna anayewasahihisha.

Hoja yao ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishindwe kulala: eti watoto wa siku hizi hawalijui koroma. Watalijulia wapi, ikiwa kila kinachochapishwa kwa ajili yao kinalifuta kwanza? Maneno haya yamo kwenye kamusi. Sikuyabuni, wala si ya kishairi. Ni ya mtu anayesimama chini ya mnazi na kumwambia aliye juu aangue lipi na aache lipi. Mwambie "angua nazi" wakati unataka madafu, uone atakachokushushia.

Jana usiku nimeyarejesha yote kwa mkono, moja baada ya jingine, na mswada nimewarudishia. Nimewaandikia wazi kwamba koroma lisipobaki, jina langu litolewe jaladani.

Mnaoandika na kufasiri humu, mmewahi kufanyiwa hivi? Mlisimamaje?