Ati "gari lako halijazoea mziki"! Yule fundi wa Mwanga mnayemjua wote

Mwana Gungu:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimetoka pale sasa hivi, hata chai sijanywa. Simtaji jina na sina haja ya kumtaja. Kila mwenye gari Kigoma hii anamjua: yule wa Mwanga, kofia ya sufi mwaka mzima hata jua likiwa la kupasua mawe, anayekufungia mziki huku anatafuna muhogo wa kuchoma.

Leo, mbele ya watu sita, mmoja wao shemeji yangu, kaniambia: "Dogo, gari lako halijazoea mziki. Lipe wiki."

Halijazoea mziki! Gari! Kwani mbuzi huyo, nimemtoa mnadani Kasulu, mpaka alale zizini siku saba ndio azoee?

Boksi la sabufa, zile spika za besi, nimelitengeneza mwenyewe. Wiki mbili, kila jioni nikitoka kazini. MDF, ile mbao ya unga wa mti uliogandamizwa, ya milimita 18, si yale mabaki ya kabati la vyombo. Matundu mawili ya spika za inchi 12, nimeyakata kwa msumeno wa kuazima mpaka yakawa duara kama sinia. Gundi ya mbao kila kiungo, skrubu kila sentimita 10, silikoni kwa ndani, nikaiacha ikauka siku nzima. Kila spika ina chumba chake cha lita 35. Ukiligonga lile boksi kwa kifundo cha kidole linajibu kama jiwe. Zilibaki nyaya tu. Nyaya nikampa yeye kwa sababu anajiita fundi, ana kibao kimeandikwa fundi, na elfu sabini aliyopokea ni ya ufundi.

Na nilimchorea! Kwenye kipande cha katoni ya sabuni. Kila spika ina koili mbili, yaani nyaya zilizoviringwa ndani yake, kila koili omu 4, kipimo cha ukinzani wa umeme. Amplifaya imeandikwa mgongoni, isishuke chini ya omu 2. Basi koili mbili za kila spika unazifunga sirisi, chanya ya hii kwa hasi ya ile, unapata omu 8. Halafu spika mbili unazifunga sambamba, plasi kwa plasi, nega kwa nega, unapata omu 4, amplifaya inapumua. Akaipokea katoni yangu, akaitazama, akaifungia muhogo.

Koili zote nne kazifunga sambamba, kama mtu anayefunga mafungu ya mchicha. 4 gawa kwa 4 ni omu 1. Nimeipima mwenyewe jana usiku, mita inasoma 0.9. Halafu spika ya kushoto kageuza nyaya zake, plasi imekuwa nega.

Jumamosi tunampeleka bibi harusi Ujiji. Kinamama wameshajifunga khanga viunoni, wananipigia kelele fungulia, fungulia! Nikafungulia. Spika zote mbili unaziona zinacheza, lakini besi hakuna, maana moja inasukuma hewa na mwenzake anaivuta. Kilichotoka ni "pyu", kama mzee anayekohoa chooni hataki ajulikane. Dakika ya nne amplifaya ikawasha taa nyekundu, kimya, ya moto ungekaangia mayai ya msafara mzima. Bibi harusi wa watu kaingia Ujiji kwa honi.

Jana nikafungua kila kitu. Umeme wa amplifaya kautoa nyuma ya redio! Si kwenye betri, nyuma ya redio, kwenye uzi mwembamba kama tambi. Fyuzi ilipokataa, kaivingirishia karatasi ya sigara, ile ya fedha. Waya wa bodi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari, kaufunga kwenye skrubu ya bawaba ya buti, juu ya rangi, hata kukwangua hajakwangua. Viungo kavimenya kwa meno, alama za meno zipo kwenye plastiki, nimezipiga picha. Kisha kaviziba kwa mfuko wa rambo ulioyeyushwa. Rambo zimepigwa marufuku tangu 2019, huyu anazitoa wapi? Na boksi langu, boksi langu jamani, kalitoboa tundu la kidole ubavuni kupitisha nyaya na hajaziba. Sasa linapiga mluzi. Fiiii. Wiki mbili za silikoni, fiiii.

Leo asubuhi nimeyapeleka yote hayo kwa adabu, sikupandisha sauti. Akatafuna. Akameza. Akazunguka gari mara moja kama daktari wa ng'ombe. "Dogo, gari lako halijazoea mziki." Mimi nina miaka 38 na watoto watatu. Dogo! Watu wakacheka. Shemeji akacheka, akajishika na mlango wa gari langu hilo hilo ambalo halijazoea.

Lipe wiki! Wiki moja na karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, nitakuwa nazoesha majivu.

Kijana wa Kibirizi:

Pole mkuu. Ila nimecheka abiria wote kwenye daladala wananiangalia. Lipe wiki.

Reli ya Kati:

Namjua! Mimi kanifungia redio, nikiwasha indiketa ya kulia inahama stesheni. Nimemrudia, akasema hiyo ni huduma ya ziada, wenzangu wanailipia.

Mgebuka Mbichi:

Mleta uzi, sirisi unaijua, sambamba unaijua, mita unayo, msumeno umeazima. Elfu sabini ulimpa ya nini? Ya muhogo?

Mwana Gungu:

Mgebuka, pasi ya kulehemu sikuwa nayo na harusi ilikuwa Jumamosi. Halafu hoja si hiyo! Mtu anaweza kukosea nyaya, binadamu tunakosea. Hoja ni kusimama mbele ya shemeji yangu na kusema gari halijazoea mziki. Angesema "kaka nimekosea, lete nirekebishe", mimi huyu uzi ningeufungua?

Kijana wa Kibirizi:

Kwani lilipotoka Japani lilikuwa linasikiliza nini?

Koili Nne:

Tuache masihara, hili jambo linaunguza magari. Mwana Gungu, kabla hujagusa kitu toa waya wa hasi kwenye betri. Waya wa umeme wa amplifaya utoke kwenye betri yenyewe, mnene, na fyuzi yake ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Sababu ni kwamba fyuzi inalinda waya, si amplifaya. Waya ukichubuka ukagusa bodi kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna kitakachouzuia. Ile karatasi ya sigara itoe LEO, usisubiri kesho.

Bodi: kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti, waya uwe mfupi, usifike mita. Nyaya za sauti pitisha upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande wa pili, la sivyo ukikanyaga mafuta spika zitalia "wiii" pamoja na injini.

Kujua spika ipi imegeuzwa, chukua betri ya redio ndogo, ya volti 1.5. Gusisha chanya ya betri kwenye plasi ya spika, hasi kwenye nega. Ngozi ya spika ikiruka kuja nje, uko sawa. Ikizama ndani, nyaya zimegeuka. Fanya kwa kila koili peke yake kabla ya kuziunga, sekunde moja inatosha.

Na hilo tundu ziba kwa silikoni hata kama unalichukia.

Mwana Gungu:

Ahsante sana mkuu Koili, Mungu akuzidishie. Hivi hivi ndivyo nilivyomchorea. Akafungia muhogo.

Mama Wawili wa Katonga:

Nyie ndio mnaopita saa sita usiku madirisha yanalia kama minyororo, watoto wanaamka, mbwa wanabweka mpaka alfajiri. Mwanangu mdogo nimembembeleza saa nzima, ndio kwanza amesinzia, linapita gari DUM DUM DUM, tunaanza upya. Huyo fundi namuombea maisha marefu. Kama kuna mwingine anayetaka kufunga mziki Katonga, nitamwelekeza kwake mwenyewe, na nauli natoa.

Mwana Gungu:

Dada yangu, mimi nakaa Gungu na gari langu halijawahi kulia saa sita usiku. Lilikohoa mara moja tu, mchana, mbele ya bibi harusi.

Mama Wawili wa Katonga:

Basi halijazoea.

Reli ya Kati:

Mama Wawili kamaliza kesi.

Asali ya Tabora:

Mnalia kwa sabufa? Mimi huku Tabora nimepeleka kitambaa cha suti kwa fundi, harusi ya kaka yangu. Mkono wa kulia unafika kwenye vidole, wa kushoto unaishia hapa kwenye saa. Namuuliza, ananiambia "mabega yako ndio hayako sawa, umewahi kuanguka kwenye mwembe?" Nilisimama kwenye picha zote mkono mmoja mfukoni. Zote! Albamu nzima ninaonekana kama nimeficha kitu.

Mgebuka Mbichi:

Asali, hiyo ni ndogo. Fundi friji kaniambia friji langu haligandishi kwa sababu mama watoto anafungua mlango kwa hasira.

Kijana wa Kibirizi:

Mafundi wana chuo chao cha majibu. Somo la kwanza: kosa ni la mteja. La pili: kama mteja hana kosa, kosa ni la kifaa.

Mwana Gungu:

Na la tatu "halijazoea". Mimi ndio sijawahi kusikia tangu nizaliwe. Gari lina miaka kumi na kitu barabarani, limekwenda Uvinza na kurudi wakati ile barabara ni tope, limebeba magunia, limebeba maiti, leo lisizoee mziki?

Asali ya Tabora:

Wana Kigoma kwa kulalamika hamjambo. Anzeni na hao dagaa wenu mnaotuletea na treni. Nimeosha maji matano bado natafuna mchanga. Nalipa dagaa, nakula ufukwe.

Mgebuka Mbichi:

Wewe Asali tuheshimiane! Wenye mchanga ni wale wanaoanikwa chini. Dagaa wa chanja hawana chembe ya mchanga. Unanunua wa bei rahisi halafu unalitukana ziwa?

Kijana wa Kibirizi:

Halafu Tabora mnaongea nini kuhusu usafi wa chakula, asali yenu juzi nimekuta bawa zima la nyuki ndani.

Asali ya Tabora:

Bawa ndio dalili ni ya kweli! Isiyo na bawa ni sukari guru.

Reli ya Kati:

Dagaa wa chanja wenyewe siku hizi unawapata wapi? Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, tuliambiwa likifunguliwa samaki watajaa na bei itashuka. Mimi bei iliyoshuka sijaiona.

Mama Wawili wa Katonga:

Samaki walijaa, wewe ulikuwa hujaamka. Mie wiki ya kwanza nilinunua migebuka mpaka majirani wakanidhani nina shughuli.

Mwana Gungu:

Wakuu, tunaweza kurudi kwenye uzi? Nimetoa karatasi ya sigara kama Koili alivyosema. Imeungua katikati, ina tundu jeusi. Nimeiweka kwenye bahasha, kesho naipeleka pale pale Mwanga, mbele ya watu wale wale na shemeji nakwenda naye, aniambie na hii nayo ilikuwa haijazoea.

Koili Nne:

Kabla hujaenda, koili umezirudisha sirisi?

Mwana Gungu:

Nimerudisha za spika ya kulia, mita inasoma 7.1. Ya kushoto kesho, giza limeingia na umeme umekatika.

Reli ya Kati:

Na kwenu umekatika? Huku Buzebazeba tangu saa kumi. Tena wamekata na nyama iko kwenye friji.

Mgebuka Mbichi:

Huku Mwandiga upo, lakini taa zinawaka kama mshumaa wa mgonjwa.

Mama Wawili wa Katonga:

Mwenye dagaa wa chanja Kibirizi, sado bei gani leo? Asali usijibu wewe.